Tochi imekufa? Tuifungue kabla ya kuitupa



Katika mkutano wetu mmoja tuliulizana swali dogo: nani ana tochi iliyokufa nyumbani? Tulicheka, kwa sababu mikono yote ilipanda. Mama mmoja alikuwa nazo tano chini ya kitanda. Kicheko kilikwisha pale mwingine alipotukumbusha usiku ule wa mvua, tulipomsindikiza jirani kwenda kujifungua. Tochi ilizimika katikati ya mteremko. Tulishuka tukimshika mikono, mmoja akitangulia na simu iliyobaki na chaji kidogo. Mtoto alizaliwa salama, Mungu asifiwe. Lakini tochi ile ilikuwa haijamaliza hata miezi mitatu tangu inunuliwe.

Basi tulimwomba fundi wa redio mmoja hapa Bukavu, karibu na soko la Kadutu, akae nasi alasiri moja. Tulichojifunza ni hiki: mara nyingi taa yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni batri, au waya mmoja tu umekatika.

Kwanza usalama. Tochi nyingi za plastiki zina meno mawili ya kuingiza kwenye prizi. Ndani hakuna kitu kinachotenga umeme wa nyumba, wa volti 220, na waya za tochi. Kwa hiyo tochi iliyofunguliwa ikiwa bado kwenye prizi inaweza kuua mtu. Chomoa kwanza. Hata baada ya kuchomoa, kuna kidude ndani kinachoitwa kapasita ambacho kinaweza kubaki na umeme. Mmoja wetu aligusa yale meno kwa kidole, akairusha tochi hadi kwenye sahani ya maharagwe! Fundi alituonyesha kugusisha meno yote mawili kwa chuma cha bisibisi (turnevisi), huku tumeshika mpini wa plastiki, ndipo tufungue. Watoto wakae mbali.

Kufungua. Tafuteni visi vidogo. Vingine vimefichwa chini ya karatasi ya jina. Viwekeni kwenye kifuniko cha chupa visipotee. Kabla ya kugusa chochote, pigeni picha ya ndani kwa simu, ili mjue kila waya ulikuwa wapi. Mtaona taa ndogo za LED, swichi, kibao chenye vidude vya kuchajisha, na kisanduku kizito. Kisanduku hicho ndicho batri: ya risasi na asidi, volti 4.

Kutafuta ugonjwa. Angalieni waya mmoja mmoja. Ule unaocheza ndio umeachia, na fundi ataulehemu kwa dakika chache. Waya zote zikiwa nzima, chomoeni batri, kisha shikisheni mabuye mawili mazima ya redio, yaliyofuatana, kwenye waya za taa: chanya kwa waya mwekundu, hasi kwa mweusi. Zikiwaka, hata hafifu, taa ni nzima. Hapo mshitakiwa ni batri. Sisi tulinunua multimita kwa makuta ya kikundi. Batri iliyochajiwa na kupumzika inapaswa kuonyesha volti 4 au zaidi kidogo. Ikibaki chini ya 3.5 hata baada ya kuchajiwa, imekufa.

Kwa nini inakufa mapema? Makosa ni mawili, na sisi sote tulikuwa tukiyafanya. La kwanza, kuitumia hadi izimike kabisa, kisha kuiacha wiki nyingi bila chaji. Risasi ya ndani inashika chumvi ngumu na haipokei umeme tena. La pili, kuiacha kwenye prizi siku nzima na usiku kucha kwa kuogopa umeme utakatika. Tochi nyingi za bei rahisi hazijui kujizuia zikishiba. Batri inakauka na kuvimba. Fuateni masaa yaliyoandikwa kwenye boksi. Hata kama hamuitumii, ichajisheni kila mwezi.

Kuiboresha. Njia rahisi ni kuweka batri mpya ya volti 4, inayoenea mahali pale pale, mwekundu kwa chanya. Njia bora zaidi ni kuondoa batri ya risasi pamoja na meno ya prizi na kibao chake, na kuweka batri ya lithiamu ya volti 3.7 na kibao kidogo cha kuichajisha kwa USB. Mwombeni fundi kibao chenye ulinzi, kinachokata umeme batri ikijaa au ikiisha. Baada ya hapo tochi inachajiwa kwa chaja ya simu, au kwa sola ndogo yenye mdomo wa USB, na ile volti 220 haiingii tena ndani. Kazi ya kulehemu tumwachie fundi, maana lithiamu ikipata moto mwingi au ikitobolewa inaweza kuwaka. Iliyovimba msiikubali hata mkipewa bure. Na msiruhusu lithiamu iunganishwe na kibao cha zamani cha prizi.

Batri ya zamani. Risasi ni sumu, na inaharibu ubongo wa mtoto. Tusiipasue, tusiichome motoni, tusiitupe shambani wala karibu na maji. Mwenye kuishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Sisi tunazikusanya kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na watoto, na kuzipeleka kwa wanunuzi wa batri za magari.

Kati ya tochi tano za yule mama, tatu zinawaka leo. Moja ilikuwa na waya uliokatika tu. Nyingine, iliyowekwa lithiamu, tumekubaliana iwe ya kikundi: inakaa kwa mama anayeishi juu ya mteremko, na kila Jumapili anaichajisha. Mwenye kuitwa usiku kusindikiza mzazi apite kwake kwanza.

Katika mkutano ujao kila mama alete tochi yake iliyokufa. Bisibisi tunazo.