Pumzi ya Mtoto Yahitaji Pia Lugha

Mnamo Agosti 1963 Rais John Kennedy wa Marekani alimzika mwanawe, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati. Mtoto huyo aliishi saa 39 tu. Mali, mamlaka na madaktari mashuhuri havikumfaa kitu, kwani mapafu yake hayakuwa yamepevuka.

Alikosa nini? Mnamo 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mapafu ya watoto wa aina hiyo hupungukiwa na safaktanti. Istilahi hiyo inatisha, lakini dhana yake ni nyepesi. Chukua mfuko wa plastiki uliolowa ndani: kuta zake hugandamana, kuufungua ikawa kazi. Vivyo hivyo, vijifuko vya hewa mapafuni vina unyevu unaovivuta vijifunge kila mtoto atoapo pumzi. Safaktanti ni utando wenye mafuta unaolegeza mvuto huo, mithili ya sabuni katika maji. Autakosa mtoto, kila pumzi kwake itakuwa ngumu kama ya kwanza.

Mnamo 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alichapisha habari za watoto 10 aliowatibu kwa safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe. Tangu hapo dawa za aina hiyo, zinazotiwa mapafuni kwa mrija, zimeokoa maisha mengi. Hata hivyo, ni ghali na huhitaji wataalamu. Wala si kila tiba ya kifua hufaa. Kumpigapiga mtoto kifuani ili kulegeza makohozi hakumpi safaktanti aliyoikosa. Na mnamo 1998 madaktari wa New Zealand waliripoti kwamba huenda zoezi hilo lilihusiana na madhara ya ubongo kwa watoto waliozaliwa mapema mno.

Iko njia nafuu zaidi. Mnamo 1972 Graham Liggins na Ross Howie, wa New Zealand pia, walionyesha kwamba mama akidungwa sindano za steroidi kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto hupevuka upesi. Lakini sindano hizo huhitaji muda ili zifanye kazi. Mama aliyefika hospitalini mtoto akiwa mlangoni amechelewa. Hana budi kujua mapema kwamba uchungu au maji kuvunjika kabla ya miezi kutimia ni jambo la kukimbilia hospitali, si la kungojea kupambazuke.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Nchini Kenya tunafundisha baiolojia kwa Kiingereza, tukawafunza wauguzi kwa Kiingereza, kisha tukawatuma wakazungumze na akina mama ambao wengi wao hawakifahamu vyema. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini urasmi huo haujaufikia mlango wa wodi ya uzazi. Muuguzi anayejua jambo bila kuwa na maneno ya kulieleza ni sawa na asiyelijua.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Leo anayeficha si mama, bali sisi wasomi tunaoufunika ujuzi kwa lugha asiyoielewa. Mwalimu, mpe mwanafunzi wako zoezi: amweleze nyanyake, kwa Kiswahili sanifu, jinsi mapafu yanavyofunguka. Akishindwa, hajaelewa; na siku moja kushindwa huko kutagharimu pumzi ya mtu.