Jiwe Nyuma ya Gurudumu



Kila mwaka shule zinapofunguliwa huku Marekani, watoto wetu hurudi nyumbani na swali lile lile: kwa nini sisi hatuendi kambini? Wenzao wamekaa wiki nzima porini, wamevua samaki, wameota moto na kulala katika kijumba cha kukokotwa na gari. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, zamu ya usiku juu ya zamu ya usiku, tulikuwa na jibu moja tu: hakuna nafasi.

Kiangazi cha 2019 nafasi ilipatikana. Bibi yao alikuwa amekuja kututembelea kutoka Iringa. Tukakodi trela ya kulala, tukaelekea hifadhi ya Itasca, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, mahali ambapo mto Mississippi huanzia ukiwa kijito ambacho mtoto anaweza kukivuka kwa kukanyaga mawe.

Kwa mama ambaye hajaiona, trela hii ni nyumba kamili juu ya magurudumu. Ina vitanda, jiko la gesi, friji, choo na meza ya kulia. Yetu ilikuwa na urefu wa futi 24 na uzito wa karibu tani 3. Haina injini, na breki zake hufanya kazi kwa amri ya gari linaloivuta. Ukishaifungua kutoka kwenye gari, hakuna kitu kinachoizuia isitembee, ila kile utakachokiweka wewe mwenyewe chini ya gurudumu.

Tulifika jua likizama. Watoto walikuwa na njaa, mbu wameanza, na sehemu tuliyopewa ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto na kidogo kwa nyuma, kama ilivyo kawaida ya ardhi ya msituni. Tulikuwa tumenunua pimamaji, ile ya mafundi ujenzi, tukailaza sakafuni mlangoni. Tukapanga vibao vya plastiki mbele ya magurudumu ya kushoto, Baba watoto akasogeza gari taratibu mpaka magurudumu yakapanda juu yake. Kiputo kikakaa katikati. Tukapiga makofi.

Hapo Bibi, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akitutazama, akauliza, "Jiwe mmeshaweka?"

"Jiwe la nini, Mama?"

"La kuzuia gurudumu, mwanangu. Umesahau malori ya Kitonga? Lori likisimama mlimani, utingo anaruka na jiwe lake kabla dereva hajafungua mlango."

Tulicheka. Tukamwambia kwamba vifaa vya huku ni vya kisasa. Nasi tuseme ukweli mbele yenu: kabari za mpira tulikuwa nazo. Tulionyeshwa siku tuliyoikodi trela, tukatikisa vichwa kwamba tumeelewa. Zilikuwa ndani ya sanduku, na juu ya sanduku tulikuwa tumepanga vyakula. Hatukusahau. Tuliahirisha.

Baba watoto akazungusha jeki ya mbele, pua ya trela ikainuka na kuachana na tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Papo hapo trela ikateremka kutoka kwenye vibao ikirudi nyuma, na jeki ikachomoka kwenye ubao wake. Kitindamimba wetu, wakati ule akiwa na miaka 6, alikuwa huko nyuma akitafuta mpira wake.

Kilichotuokoa ni minyororo miwili inayofunga trela na gari, ambayo tulikuwa bado hatujaifungua. Ilikazika kwa kishindo, na trela ikasimama baada ya kama hatua moja. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka pale. Hakuguswa. Tumewahi kufanya kazi wodi ya majeruhi, tunajua tani 3 hufanya nini kwenye kifua cha mtoto. Usiku ule hatukulala vizuri, na si kwa sababu ya kitanda.

Jambo jingine lililotuaibisha ni kwamba maneno yetu ya kwanza hayakuwa ya shukrani. Tulianza kulaumiana kwa sauti kubwa, wewe ndiye uliyesema, wewe ndiye uliyeharakisha, mbele ya Bibi na watoto. Bibi hakusema neno. Alikwenda pembeni ya njia, akarudi na jiwe amelikumbatia tumboni.

Kesho yake tulianza upya, na tangu hapo tumefanya hivyo kila tunapokodi. Kwanza kabisa watoto wote hukaa upande mmoja na mtu mzima mmoja, mbele, mahali dereva anapowaona. Anayeelekeza husimama anapoonekana kwenye kioo cha dereva, naye dereva asipomwona, husimamisha gari. Ishara ni za mikono tu. Hakuna kupayuka.

Trela husawazishwa kushoto na kulia ingali imefungwa kwenye gari, kwa sababu gari ndilo linaloipandisha juu ya vibao. Kila kibao kina unene wa kama inchi 1, kwa hiyo huhitaji kukisia sana. Kama kuna magurudumu mawili upande mmoja, yote mawili yapande, na tairi lote likae juu ya kibao bila kuning'inia ukingoni. Halafu kabari, mbele na nyuma ya magurudumu, pande zote mbili, zigongwe zikaze. Kabari zikishakaa ndipo jeki inapozungushwa, juu ya ubao mpana ili isizame kwenye udongo laini. Minyororo hufunguliwa mwisho, baada ya pua kuachana na tufe na trela kutulia.

Kuinama kwa mbele au nyuma ni rahisi, kwani jeki hiyo hiyo huinua au kushusha pua mpaka kiputo kitulie. Miguu minne ya pembeni huja baadaye, na kazi yake ni kuzuia nyumba isitikisike watoto wanaporukaruka. Haikuwekwa kuinua uzito. Wako wanaoitumia kama jeki, halafu wanashangaa miguu imepinda na mlango haufungi.

Huenda mama ukasema kuinama kidogo si neno, tutalala kichwa juu. Lakini angalia friji. Friji nyingi za matrela hazina mota ya kusukuma kama ya nyumbani. Hupoza kwa joto la gesi au umeme linalozungusha amonia ndani ya mabomba, na majimaji hayo hurudi chini kwa uzito wake yenyewe. Friji ikiinama sana, yanatuama na kuungua, na mabomba yakishaziba friji imekwisha. Kabla ya hapo maziwa ya mtoto yatakuwa yameharibika. Friji mpya zenye mota hazina shida hii sana, basi uliza ya kwako ni ya aina gani.

Umeme huunganishwa swichi ya kwenye nguzo ikiwa imezimwa. Mpira wa maji ya kunywa uwe wa maji ya kunywa tu, usikae sanduku moja na ule wa maji ya choo, na anayeshughulika na tangi la choo avae glavu na anawe kwa sabuni kabla hajagusa kitu kingine.

Na hili tunaliomba kwa moyo wote. Usiku wa Minnesota huwa na baridi hata Agosti. Msiingize jiko la mkaa ndani ya trela, wala msiwashe jiko la gesi kwa ajili ya kupasha chumba joto. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kule nyumbani tumepokea familia zilizolala na mkaa chumbani, kwa hiyo wengi wenu mnalijua hili. Trela nayo ni ndogo. Bonyeza kitufe cha kengele ya gesi usikie inalia, kila mnapofika. Watu wote wakiamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, msitafute dawa ya tumbo. Tokeni nje kwanza, kisha piga simu ya dharura.

Wakati wa kuondoka, mambo hugeuzwa: miguu ikunjwe, trela ifungwe kwenye gari, minyororo irudi, na kabari ziwe za mwisho kutoka. Bibi alikagua mwenyewe.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kupe wa msituni na jinsi ya kuwakagua watoto.