Video Zilileta Kelele, Fundi wa Stima Akaleta Kazi

Wasee, leo naongea vibaya kuhusu kazi yangu mwenyewe. Mimi natengeneza video. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nimekuwa nikiambia watu wenye biashara ndogo: posti kila siku, wateja watakuja. Sasa nina mwaka mmoja na nusu ndani ya biashara ya kuchora kwa leza hapa Juja, na ningependa kurudisha hayo maneno.

Biashara ni yangu na binamu yangu. Yeye ndiye wa mashine, mimi ndiye wa kutafuta wateja. Mashine ni ile ya CO2, yenye mrija wa kioo unaopozwa na maji. Inachora mbao, ngozi, akriliki na glasi. Chuma kitupu haikigusi, usidanganywe. Tuliinunua kwa mkopo wa chama cha mathe. Yaani mathe alisimama mbele ya akina mama wenzake akasema hawa watoto watalipa. Kwa hivyo ikifika tarehe tano siwezi kumwambia eti video haikusukumwa wiki hii.

Na video zilifanya vizuri, sikatai. Leza ikichora jina kwa mbao, moshi ukipanda kidogo, watu hupenda sana. Moja ilifika watazamaji laki mbili. Ilituletea meseji za "bei gani" kutoka Kakamega hadi Doha, na oda kumi na moja za vishikio vya funguo. Kila mtu alitaka kimoja, chenye jina la mpenzi wake, kesho asubuhi, na maandishi yabadilishwe mara nne. Unamhudumia mtu saa nzima kwa simu ili ubaki na shilingi mia. Halafu harudi, kwa sababu siku ya kuzaliwa ni mara moja kwa mwaka, na mwaka ujao pengine hata mpenzi ni mwingine. Februari tulikuwa tunalala saa nane usiku. Machi tulikuwa tunapanguza mashine vumbi.

Tukasema sawa, basi twende kwa wakubwa. Hapo ndipo tulichomeka. Kampuni moja, sitaitaja, ilitupa oda ya vibao vya zawadi kwa wafanyakazi wake. Karatasi ilisema malipo ni baada ya siku 30. Tulinunua mbao na akriliki kwa pesa zetu zote, tukapeleka mzigo kwa wakati, tukapiga picha tukitabasamu. Walilipa siku ya 104. Katikati ya hizo siku nilikuwa nimezoea kuambiwa "mhasibu hayuko." Kitu ambacho sikujua ni kwamba mathe alikuwa analipa chama kwa pesa zake za kuuza mboga. Hakuniambia. Niliambiwa na jirani, tena kwa kunisuta.

Mteja wetu wa kwanza wa kudumu hakutoka kwa video wala kwa ofisi. Alikuwa fundi wa stima. Alikuja na karatasi imekunjwa mfukoni: swichi kuu, pampu ya maji, taa za ngazi, nyumba A1 mpaka D6. Alikuwa anamaliza bodi ya stima kwa ghorofa mpya, na mkaguzi alikuwa amekataa lebo zake za selotepu na kalamu. Tulimkatia za plastiki ya tabaka mbili, nyeusi juu na nyeupe chini. Leza inaondoa ule weusi, herufi inabaki nyeupe, hakuna wino wa kufutika. Alilipa kwa M-Pesa akiwa amesimama hapo mlangoni. Baada ya wiki mbili akarudi na karatasi nyingine, kwa sababu ghorofa ikiisha yeye anaenda kwa ingine.

Nilikaa chini nikafikiria huyu mtu. Hanipendi sana, hajawahi kuona video yangu hata moja. Anarudi kwa sababu kazi yake haiwezi kuitwa imeisha kabla lebo zangu hazijabandikwa. Huo ndio mtihani ninaoutumia siku hizi. Siulizi tena mashine yangu inaweza kuchora nini, maana inaweza kuchora hata sura ya mbwa wako. Nauliza ni nani hapa mtaani anakwama bila maandishi, na akimaliza kazi moja anaanza ingine.

Huyo fundi ndiye alitufungulia macho kuhusu mita. Ingia ploti yoyote ya wanafunzi huku, angalia chini ya ngazi. Mita zimepangwa kama mayai kwa trei, na namba za nyumba zimeandikwa kwa kalamu, nusu zimefutika. Mpangaji mgeni anasoma mita isiyo yake, ananunua tokeni, anabonyeza namba zote 20 kwake na zinakataa. Stima yake iko kwa jirani. Anayetukanwa ni msimamizi wa ploti.

Kwa hivyo tulienda kwa msimamizi, hatukuanza na mwenye ploti. Nilimwambia, "Mzee, wacha nikuwekee tano za bure, namba ya nyumba na namba ya mita, uone kama kelele zitapungua." Zilipungua. Yeye mwenyewe ndiye alimwambia tajiri wake, na tajiri ana ploti nne. Kutoka mita tukaenda namba za milango, kisha vibao vya funguo, kwa sababu wanafunzi wakihama funguo hupotea na lazima vitengenezwe vingine. Hiyo kupotea, samahani kwa wanaopoteza, ndiyo rent yetu.

Najua mtu ataniuliza kuhusu shule na vikombe vya zawadi. Ni kazi nzuri lakini inakuja kwa misimu, na duka la vikombe tayari limekaa hapo kati. Afadhali uwe mchoraji wa hilo duka kuliko kushindana nalo. Tenda za serikali je? Sheria inatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, hiyo ni poa. Lakini kama siku 104 za kampuni moja zilitumaliza, mimi sitaki kusubiri malipo ya kaunti nikiwa sina akiba.

Kitu kimoja ambacho ofisi zina haki kutudai ni makaratasi. Tangu Januari 2024 biashara inayotaka gharama zake zihesabiwe kwa kodi inahitaji invoisi ya eTIMS, kwa hivyo risiti yako ya mkono haimsaidii mhasibu. Tulipoteza wateja wawili kwa kiburi hicho kabla hatujasajili jina na kujiunga. Na sasa nusu ya pesa inalipwa kwanza, hata kama wewe ni rafiki wa binamu.

Video bado napiga. Lakini ni za sekunde ishirini, lebo ikikatwa, sauti ya mashine tu, na ninazitumia fundi kwa WhatsApp akiuliza herufi zitatosha saizi gani. Watazamaji ni yeye na pengine kontrakta wake.

Tuna mafundi saba wanaorudi na wasimamizi watano. Si utajiri. Mkopo wa chama umebaki miezi minne, na miwili iliyopita mathe hakuweka mkono mfukoni. Kesho asubuhi niko Ruiru, kuna ghorofa nimeona inapigwa rangi. Ikishapigwa rangi kuna mtu pale ataanza kuuliza namba za milango zinatengenezwa wapi, na ninataka anikute nikiwa nimesimama getini.