Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: "Punguza mwili" bila maelekezo si tiba

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Yah: Huduma kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika

Mheshimiwa,

Naandika kuhusu agizo ambalo wagonjwa hawa hupewa wakiwa wameshashika kitasa cha mlango: "Mama, punguza mwili." Agizo ni sahihi, ila halina dozi, ratiba wala tarehe ya kurudi. Diklofenaki ya maumivu ambayo mgonjwa anaondoka nayo mkononi ina vyote vitatu.

Ushahidi upo. Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, kilifuatilia kwa mwaka mmoja na nusu watu 454 wa miaka 55 na zaidi, wote wenye uzito uliozidi na magoti yaliyosagika. Matokeo yalichapishwa 2013. Waliofanya mazoezi tu walipungua asilimia 2 ya uzito wao; waliobadili mlo tu, asilimia 9.5; waliofanya vyote viwili, asilimia 11.4, na hao ndio maumivu yao yalipungua zaidi. Utafiti mwingine wa chuo hicho ulionyesha kuwa kila kilo inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Mwenye kilo 90 akishusha 9, goti linatuliwa kilo 36 kila anapokanyaga.

Kazi iko jikoni. Mafuta ya kula humiminwa kutoka kwenye dumu kwa kukisia, na kijiko kimoja tu cha chakula kina kalori kama 120. Mgonjwa akiambiwa "acha wanga" wakati ugali ndio chakula chenyewe, ataitikia kwa adabu na kwenda zake. Akionyeshwa kupima mafuta kwa kijiko, kupunguza ugali na kujaza nafasi yake kwa mchicha na maharage, ataanza jioni hiyo hiyo. Mazoezi nayo si kukimbia barabarani. Aketi kwenye kiti imara, anyanyuke bila kujishika, aketi tena polepole. Kisha anyooshe mguu mbele, ahesabu hadi tano, aushushe. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti halibebi mzigo peke yake.

Asipoelekezwa na kituo cha afya, ataelekezwa na mtaa: supu ya kongoro na maji ya bamia "ili ute urudi", au vidonge vya maumivu vya kujinunulia miezi nenda rudi, ambavyo vinaweza kumletea vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Gegedu lililolika halirudishwi na supu. Sindano za kupunguza uzito za semaglutide nazo zimeonyesha nafuu kwa magoti katika utafiti wa 2024, lakini kwa bei yake wengi wetu tutazisikia tu, na ukiziacha uzito hupenda kurudi.

Ombi langu ni dogo. Vituo vingi vina siku ya kliniki ya kisukari na presha. Ongezeni hapo saa moja ya kundi la magoti: mizani, afisa lishe, mtaalamu wa tiba ya viungo, na lengo la kupunguza asilimia 10 ya uzito lililoandikwa kwenye daftari la mgonjwa. Maafisa lishe wa halmashauri wamepambana sana na udumavu wa watoto. Bibi za watoto hao nao wanawahitaji. Najua wataalamu wa viungo ni wachache, na ndiyo maana naomba kundi: mmoja anaweza kuwafundisha ishirini kwa mpigo. Na kwa kuwa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, saa hiyo iingizwe kwenye kitita cha mafao.

Anza na mkoa mmoja, Mheshimiwa. Wapimwe uzito, maumivu na mwendo siku ya kwanza, wapimwe tena baada ya mwaka na nusu, kisha wizara itangaze matokeo, yawe mazuri au mabaya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi