Ficha bomba, usifiche moshi

Leo naweka hifadhidata pembeni kidogo tuzungumze juu ya mabomba ya jikoni. Usikimbie, tutafika kwenye programu baadaye.

Ukisafiri siku hizi kutoka Kericho mjini kwenda Litein, ukapita Kapkatet na Kaplong hadi Bomet, utaona nyumba mpya zimechipuka katikati ya majani chai. Mabati ya rangi, siling'i ya jipsam yenye taa za kujificha, na jikoni kuna jiko la gesi lenye kuka hudi juu yake, yaani ile kofia ya chuma yenye feni ya kufyonza moshi, mvuke na mafuta. Bonasi ya chai ikilipwa, jikoni ndiko pesa nyingi zinakokwenda siku hizi. Sina ubaya na hilo. Watu wamechuma majani hayo kwenye baridi na mvua, wacha wapike mahali pazuri.

Basi fundi akifika, mwenye nyumba humwuliza jambo moja tu: hili bomba tutalificha vipi? Ni swali halali. Bomba la bati linalojikunja juu ya kabati kama utumbo wa ng'ombe halipendezi hata kidogo. Na fundi ana jibu tayari: "Mkubwa, tukishapiga jipsam hutaliona tena." Kweli, huwezi kuliona. Nimepanda na tochi juu ya siling'i za nyumba kadhaa za jamaa na marafiki (mimi ni mtu wa kuchungulia, nisameheni) na nimekuta mara nyingi kwamba bomba limefichwa vizuri sana, ila linaishia hapo hapo darini. Halitoki nje. Feni inavuma, moshi unapotea machoni, na kila mtu anafurahi.

Hiyo si kazi nadhifu. Ni taka zilizofagiliwa chini ya mkeka.

Fikiria hali ya hewa yetu. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na usiku mabati huwa baridi kama jiwe la mtoni. Mvuke wa sufuria ukitupwa darini hugonga bati hilo baridi, unageuka matone, na matone yanarudi chini juu ya jipsam. Baada ya muda unaona doa la kahawia kwenye siling'i na unamlaumu mtu wa mabati. Paa halivuji! Ni supu yako inanyesha. Mbao nazo huanza kuota ukungu. Halafu kuna mafuta. Mafuta ya kukaangia hutembea na mvuke na kuganda juu ya mbao kavu na nyaya za umeme, mahali ambapo hakuna mtu atapangusa kwa miaka kumi. Hapo cheche moja inatosha.

Sasa tuje kwenye programu. Mwaka 1972 David Parnas aliandika makala ambayo kila mwandishi wa programu angepaswa kuisoma, kuhusu namna ya kugawa mfumo katika sehemu zake. Hoja yake ilikuwa kwamba kila sehemu ifiche uamuzi fulani unaoweza kubadilika, ili ukibadilika usilazimike kubomoa mfumo wote. Angalia vizuri: alisema ficha ili iwe rahisi kubadilisha. Hakusema ficha ili tusahau. Mtu anayefunika bomba kwa jipsam iliyopigwa skimu na kupakwa rangi, bila mlango wa kulifikia, amefanya kinyume kabisa. Feni ikifa, lazima abomoe siling'i. Ni kama programu ambayo ukitaka kubadilisha neno moja kwenye skrini inabidi uandike upya nusu ya msimbo. Sote tumefanya kazi kwenye mfumo wa aina hiyo :-)

Na mwaka 2002 Joel Spolsky akaandika kwamba kila kifuniko tunachoweka juu ya jambo gumu huvuja kwa kiasi fulani. Alikuwa akizungumzia TCP na hifadhidata, lakini mtu wa Bomet mwenye doa juu ya meza ya chakula angemwelewa bila kufundishwa.

Wako watakaosema dawa ni kuacha mabomba yaonekane tu, kama lile jumba la Pompidou la Paris lililofunguliwa 1977, ambapo mabomba yako nje na yamepakwa rangi, ya hewa buluu, ya maji kijani, ya umeme njano. Sihitaji kwenda mbali hivyo. Ukipata nafasi ya kutembelea kiwanda cha chai, iwe Litein au Kapkoros, angalia juu. Hewa inayonyausha majani ina njia zake, na joto la kukausha lina njia zake. Boila inachoma kuni za mkaratusi, lakini moshi huo hauguswi na chai hata kidogo: mvuke wa boila hupasha moto radieta, feni hupitisha hewa safi kwenye radieta, na hewa hiyo ndiyo inayokausha majani. Sababu ni rahisi. Chai hunyonya harufu upesi, na chai yenye harufu ya moshi wa boila haipati bei huko mnadani Mombasa. Kwa hiyo kiwandani kila bomba lina mwanzo unaojulikana, mwisho unaojulikana, na mahali pa kulisafishia. Tunailinda chai dhidi ya moshi kwa uangalifu kuliko tunavyolinda vifua vyetu.

Haya, kwa hivyo tunafichaje? Uamuzi mkubwa unafanywa kabla ya fundi wa siling'i kufika. Weka jiko kwenye ukuta wa nje. Ukifanya hivyo bomba ni fupi: linapanda ndani ya kabati la juu, linapiga kona moja, linatoka ukutani. Kilichobaki kuficha ni kama hakuna. Ninapendelea litoke ukutani kuliko kwenye paa, kwa sababu kila tundu kwenye mabati ni ugomvi na mvua, na mvua ya mawe ya huku kwetu mnaijua. Nje weka kifuniko chenye mapezi yanayofunguka feni ikiwaka na kujifunga ikizimwa, pamoja na wavu wa kuzuia ndege.

Kama jiko liko katikati ya jikoni kwa sababu mliona hivyo kwenye picha, bomba litalazimika kusafiri. Basi lisafiri sambamba na mbao za siling'i, likiwa bomba gumu lenye uso laini, liinamie nje kidogo ili maji ya mvuke yatoke badala ya kurudi kwenye feni. Lile bomba la karatasi ya bati linalovutika kama akodioni huipunguzia hewa kasi na kukusanya mafuta kwenye kila kunjo. Na usikubali kupunguziwa kipenyo. Bomba la sentimita 15 lina nafasi mara mbili na robo ya lile la sentimita 10, lakini fundi atakuletea la 10 kwa sababu ni rahisi kulificha. Ukibana bomba, feni inapiga kelele zaidi na inafyonza kidogo, mwishowe mama wa nyumba anaizima kabisa. Hapo umenunua pambo.

Kifuniko chenyewe kiwe sanduku la mbao za saipresi au plaiwudi, rangi moja na kabati, likishikiliwa kwa skrubu. Skrubu, si misumari, si gundi. Skrubu nne za kulifungua ndizo mlango wa Parnas.

Kuna zile hudi zisizo na bomba, zinazopitisha hewa kwenye chujio la mkaa na kuirudisha jikoni. Zinapunguza harufu. Mvuke haziondoi, na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haziondoi pia. Nalitaja hili kwa sababu Julai huku watu huingiza jiko la makaa ndani kuota, wakafunga madirisha. Hata hudi yenye bomba ni hatari hapo: feni ikitoa hewa nje, hewa nyingine lazima iingie kutoka mahali fulani, na madirisha yakifungwa inaweza kuvutwa kupitia bomba la moshi la mahali pa moto sebuleni, moshi ukarudi kwa watoto wanaotazama televisheni. Feni ikiwaka, dirisha lifunguliwe kidogo.

Lakini kinachonikera zaidi ni hiki. Nyuma ya nyumba hizi nzuri karibu kila mara kuna jiko la pili, la mabati meusi, ambako kuni zinawaka kutoka alfajiri. Huko ndiko ugali unakopikwa hasa. Nyumba ya zamani ya nyasi ilikuwa na hesabu yake: moshi ulikausha nafaka darini, ukafukuza wadudu, ukapenya kwenye nyasi taratibu. Tulipoweka mabati tukauzuia njia ya juu na hatukuupa nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Na dawa haihitaji umeme wala jipsam. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la ITDG, linaloitwa Practical Action tangu 2005, lilijaribu pamoja na familia za Kajiado na za magharibi mwa Kenya kofia za moshi za bati zisizo na feni, hewa moto ikipanda yenyewe na kutoka juu ya paa. Moshi ulipungua sana. Fundi yeyote wa mabati wa Silibwet anaweza kukunja kofia kama hiyo.

Binamu yangu karibu na Mogogosiek amepiga paa, siling'i bado, na pesa zake zinatosha hudi moja ya dukani au kofia ya bati na bomba lake nyuma ya nyumba, si vyote. Tulimwuliza mama yake. Akacheka, akasema, "Mwanangu, ugali wa gesi hauna ladha, mimi nitabaki na kuni zangu." Wiki ijayo tunakwenda kupima jiko lake.