Kosa la anotesheni halitibiwi kwa kuzibwa mdomo

Wadau, leo naandika na hasira zangu, hapa hapa Donholm, chai imepoa mezani.

Chama kimoja cha akiba mtaani kiliniita. Programu yao ya Java hutuma michango, ikiwa faili ya XML, kwenye programu ya hesabu. Mwezi huo michango yote ilisomeka 0. Mweka hazina, mama wa watu, akaanza kutazamwa kama mwizi.

Nikafungua msimbo. Klasi ya Mchango ilikuwa na fildi kiasi, ambayo awali ilibeba @XmlElement(name="Kiasi"), pamoja na geta ya umma, getKiasi(). Sasa, JAXB usipoielekeza hushika kila geta na seta ya umma, kisha hushika pia fildi uliyoiwekea anotesheni. Kitu kimoja, mara mbili! Ndipo ikagoma: IllegalAnnotationsException, sifa mbili zenye jina moja. Tena ikataja mahali pote pawili.

Fundi aliyenitangulia akafanya nini? Akaondoa @XmlElement, akabandika @XmlTransient kwenye fildi. Kosa likanyamaza, akaenda zake. Lakini JAXB sasa ikafuata geta, ikaandika lebo "kiasi", na upande wa pili unangoja "Kiasi". XML hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Lebo ngeni ikarukwa, namba ikabaki 0.

Tiba? Mstari mmoja juu ya klasi: @XmlAccessorType(XmlAccessType.FIELD), na @XmlElement irudi kwenye fildi. Basi.

Mtaniambia kazi ilikuwa ya haraka. Haraka gani? Kusoma ujumbe ule ni dakika mbili. Kumsafisha mama yule jina kulichukua wiki nzima.

Na mambo yamezidi kuwa magumu. JAXB iliondolewa ndani ya Java 11 mwaka 2018, na mwaka 2020 Jakarta EE 9 ikabadili javax.xml.bind kuwa jakarta.xml.bind. Ukichanganya hizo mbili, injini mpya haizioni anotesheni za zamani, na huenda usipate kosa lolote. Kimya tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, programu ikipiga kelele, ishukuruni. Someni ujumbe mpaka mwisho, kisha fungueni faili iliyotoka mkaitazame kwa macho. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa aliyeumbuliwa hakuwa hata mgonjwa.