Samaki Mla Konokono Hatakufanyia Usafi wa Bwawa



Kuna swali linarudi kila msimu: "Afisa, bwawa limejaa konokono, hakuna samaki wa kuwamaliza?" Samaki wapo. Ila msimamo wangu ni huu: ukinunua samaki ili akufanyie kazi uliyoiacha wewe mwenyewe, hela umetupa na afya yako umeiweka rehani.

Tuelewane kwanza kwa nini konokono ni tatizo. Shida kubwa sio kwamba wanamaliza chakula cha sato. Shida ni kichocho. Konokono wadogo wa maji baridi, wale ambao wataalamu huwaita Biomphalaria na Bulinus, ndio wanaokilea. Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinazaliana humo, halafu vinatoka kwa wingi na kupenya ngozi ya mtu yeyote aliyemo majini. Sio lazima uyanywe maji yenyewe. Sasa niambie, nani anashinda kwenye maji ya bwawa? Ni wewe, na vibarua wako siku ya kuvua.

Turudi kwa samaki. Ziwa Victoria lina furu mmoja, jina lake la kitaalamu Astatoreochromis alluaudi. Furu wana taya za mdomoni na nyingine kooni. Huyu taya yake ya kooni ni nene, meno yake butu kama magego, na gamba la konokono analiponda bila shida. Watu wakaona hapo kuna dawa ya kichocho, wakampeleka kwenye malambo ya Kenya na mabwawa ya Kamerun.

Huko kaskazini mwa Kamerun, kwenye mabwawa ya kufugia, hakufikia yale yaliyotarajiwa. Konokono waliendelea kuwepo. Sababu moja ilishaonekana mapema: mwaka 1965 mtaalamu wa samaki P. H. Greenwood alieleza kwamba furu huyu akikulia mahali pasipo na konokono, akala chakula laini, taya ya kooni inakua nyembamba na meno yanakuwa madogo. Yaani samaki ni yuleyule, lakini nyundo hana.

Sasa angalia bwawa lako. Unamwaga pumba au chakula cha kuelea mara mbili au tatu kwa siku. Samaki aliyeshiba namna hiyo ahangaike na gamba gumu la nini? Huyo mlinzi umempa mshahara kabla ya lindo, atalala tu.

Najua kuna atakayesema, "Mbona ziwani wanafanya kazi?" Ni kweli. Ziwa Malawi watafiti walihusisha kuongezeka kwa kichocho kando ya ziwa na uvuvi uliopunguza samaki wala konokono. Lakini kule ziwani hakuna anayewamwagia pumba, na samaki wanajitafutia wenyewe tangu wadogo. Bwawa la biashara ni kitu kingine kabisa. Na wanaonitajia kamongo, sawa, anakula konokono, ila na vifaranga vyako vya sato atavila.

Kazi yenyewe ni hii, na haihitaji mtaji mkubwa:

1. Fyeka majani ya kingoni na toa magugu ya majini. Konokono anakula hapo, anajificha hapo, na mayai anataga hapo. Hii ndiyo kazi namba moja.

2. Chimba kingo ziwe na kina tangu mwanzo. Maji ya kifundo cha mguu yenye majani ni nyumba ya konokono.

3. Jenga choo shambani, na kila kibarua akitumie. Mkojo na kinyesi visipofika majini, konokono hana cha kukuambukiza.

4. Ukishavua, kausha bwawa na weka chokaa. Usidhani jua peke yake linatosha, maana baadhi ya konokono hujificha kwenye tope wakasubiri maji yarudi.

5. Vaa buti ndefu na glavu. Kazi ya lazima majini ifanye asubuhi na mapema, kwa sababu vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi jua likishapanda, hasa kuelekea saa sita mchana.

6. Pimeni, wewe na vibarua wako. Dawa ya prazikwanteli inatibu, lakini haikukingi usiambukizwe tena ukirudi kwenye maji yaleyale.

Usimwage sumu ya konokono kwenye bwawa lenye samaki. Niklosamidi inaua konokono, na sato wako inaua pia.

Simkatai furu. Ukishafanya hayo yote na ukampata kwa njia halali, sio kubeba samaki ndooni kutoka ziwa moja kwenda mto mwingine, muweke awe msaidizi. Ila usimhesabu kwenye mpango wa biashara kama dawa.

Bei ya sato ikishuka msimu huu, msimu ujao unaweza kufidia. Kichocho kikikaa mwilini miaka bila tiba kinaharibu ini au kibofu, na hapo hakuna mavuno ya kukufidia. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya samaki mla konokono, shika fyekeo uzunguke bwawa lako.